Friji ndani ya kabati: fundi wa Gikomba nampa nne kwa tano

Kama unaishi kwa hizi apartimenti mpya za Ruaka ama Kilimani, pande za Nairobi, unaijua ile nafasi ya friji wanaacha jikoni, kabati huku, ukuta huku umevalishwa ubao, kabati ingine juu, na kwa picha za kupangisha inakaa poa sana. Yangu ina upana wa sentimita 60 na friji ni 55, so kuingia inaingia. Shida ni joto. Friji nyingi za siku hizi mabomba ya kutoa joto yamefichwa ndani ya bati la ubavuni, ndio maana ukigusa kando unasikia moto. Sasa ukiibana hivyo joto litoke wapi? Mota ilikuwa inanguruma usiku kucha, maziwa yanachacha, tokeni za stima zinaisha mbio. Aliyeniuzia akaniambia ati itazoea. Friji izoee!

Fundi wa friji alikuja akacheki gesi, akacheki kompresa, akasema mgonjwa hapa ni kabati. Ndio nikaunganishwa na huyu fundi wa mbao wa Gikomba.

Kilichonifurahisha hakukimbilia msumeno. Aliitisha kitabu cha friji kwanza, akatafuta pale wameandika nafasi, yangu inataka sentimita 5 kila upande na 10 nyuma na juu. Akapima, akaniambia, "Mama, 5 hatutafika, lakini hewa tutaipatia njia." Akang'oa ule ubao uliovalishwa ukuta, tukaokoa karibu sentimita mbili. Kisha ule wa chini unaofunika miguu ya kabati akaukata akaweka grili ya aluminiamu, na kabati la juu akalitoboa upande wa nyuma upana wa kiganja hivi mpaka juu kabisa, hewa ya baridi iingie chini, ya moto ipande nyuma itokee huko juu. Zile friji zenyewe za kujengewa ndani hupumua hivyo hivyo. Mahali pa kuweka mahotpoti pamepungua, sawa tu.

Mlango pia alifikiria. Friji aliiacha mwili uko sawa na kabati na mlango umetokeza nje, kwa sababu mlango ukigonga ukuta kabla haujafunguka vizuri zile drawa za mboga hazitoki. Soketi akashauri ihamie kabati la pembeni, kazi ya fundi wa stima hiyo, na sasa stima ikipotea nazima kila kitu bila kuvuta friji.

Lakini saa! Aliniambia saa tatu, akatokea saa nane, na kila nikipiga "niko hapa Muthurwa". Vumbi la MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, lilifika mpaka kwa vitanda, na ejing, yaani ule utepe wa kufunika kingo za mbao, aliyoweka ni nyeupe ya maziwa wakati kabati zangu ni nyeupe kabisa, mchana inaonekana. Ufundi alichukua 7,500, grili na ejing nikanunua mimi.

Mota sasa inazima na kuwaka kama kawaida na ubavu ni vuguvugu tu. Kama umepanga nyumba ongea na landlord kabla fundi hajakata kitu, na ukimuita huyu funika vyombo vyote mapema, yeye hatakukumbusha.