VHF au HF: redio gani ifungwe chomboni?

Wenye vyombo vya baharini hawaachi kubishana juu ya hili, na mzizi wa ubishi ni urefu wa wimbi: redio ya VHF hutumia frikwensi za juu zaidi, hivyo wimbi lake ni fupi; ya HF hutumia za chini, hivyo wimbi lake ni refu. Gawanya 300 kwa frikwensi ya megahezi, utapata urefu huo kwa mita.

Chaneli 16 ya dharura, ya VHF, iko megahezi 156.8. Wimbi lake halifiki mita 2, hivyo antena ya robo wimbi ni kifimbo cha kama sentimita 48. Shuka hadi megahezi 7, kwenye HF: wimbi ni mita 43, na waya wa nusu wimbi unataka mita 20 hivi. Kwenye mashua ya mita 8 utautandaza wapi? Itabidi utumie fimbo fupi yenye kirekebisha antena, na sehemu ya nguvu ipotee kuwa joto.

Kwa umbali, HF haina mpinzani: mawimbi yake hurudishwa na tabaka la juu la anga, yakatua mamia ya kilomita mbele. VHF huishia karibu na upeo wa macho. Antena mbili zilizo mita 9 juu ya maji husikilizana kama kilomita 25. Ila ndani ya umbali huo VHF ni ya kutegemewa mchana na usiku, ilhali HF hudai ubadili frikwensi jua likizama.

Bei na betri? VHF, bila ubishi. Chumvi kwenye viungio inaziua zote mbili.

Anayevua akiiona nchi kavu, VHF inamtosha. Anayevuka hadi Komoro aongeze HF, lakini VHF asiing'oe: meli iliyo jirani inasikiliza 16.