Cherehani ya mkono kwa kugeuza nguo za zamani: uzoefu wangu hapa Bukavu

Cherehani ninayoieleza ni ile nyeusi ya chuma, ya kuzungushwa kwa mkono, inayoshona mshono mnyoofu peke yake. Niliinunua katika soko la Kadutu ikiwa imeshatumika, kwa nia ya kuzigeuza nguo za nyumbani kwetu zivaliwe tena kabla hazijawa matambara ya kudekia. Kwa kazi hiyo sijaona mashine inayofaa zaidi, hasa katika mji huu ambao umeme hukatika bila taarifa.

Uzuri wake mkubwa ni mwendo wa polepole. Mzunguko mmoja wa mpini hutoa mishono mitatu hivi, na mshonaji anaweza kuishusha sindano, akasimama, akageuza kitambaa, kisha akaendelea. Nguo ya zamani haina usawa wa kitambaa kipya, kwa maana ina mapindo, mifuko na sehemu zilizolegea, na sindano hukutana na unene tofauti kila baada ya sentimita chache. Nilipoifumua suruali ya jinzi ya mume wangu, iliyokuwa imechanika magotini, ili nimshonee binti yetu sketi, pagumu palikuwa pale mishono miwili inapokutana na jinzi imejikunja tabaka juu ya tabaka. Niliweka sindano nambari 100, nikaugonga unene ule kwa nyundo juu ya ubao mpaka ukalala, nikazungusha mpini taratibu, na sindano ikapita salama.

Suruali ikifumuliwa hivyo, katikati hubaki pengo la pembe tatu. Nililijaza kwa kikwembe (kitenge) cha zamani cha mama, na hapa naomba wasomaji wazingatie jambo moja: wax halisi, yaani kikwembe kinachochapwa kwa nta, hupenya rangi pande zote mbili za kitambaa. Upande wa juu ulikuwa umefifia kwa jua na sabuni, nikautoa wa ndani nje, na maua yakaonekana mabichi. Kitambaa kilichochapwa upande mmoja hakikubali hilo.

Mapambo pia yameniridhisha. Blauzi yangu nyeupe ilikuwa na doa la mawese kifuani lisilotoka kwa dawa yoyote, nami nikakata maua kutoka katika masalio ya kikwembe kile kile, nikakunja kingo zake nusu sentimita, nikazilaza kwa pasi ya makaa, kisha nikayashonea juu ya doa karibu kabisa na ukingo. Katikati ya kila ua nikaweka kifungo kilichotoka kwenye shati chakavu. Vifungo na shanga hushonwa kwa mkono, na ni vyema vishonwe kwa uzi wa mikunjo miwili, kwa kuwa kufua kwa kusugua huvilegeza upesi.

Upungufu upo. Fulana na vitambaa vyote vinavyovutika havipatani nayo, kwa sababu sindano huruka na mshono mnyoofu hukatika nguo inapovutwa. Nguo hizo nawapelekea mafundi. Matundu ya vifungo nayo lazima yatiwe uzi kwa mkono. Tena mkono mmoja huwa kwenye mpini wakati wote, hivyo kitambaa kirefu huhitaji pini nyingi au mtu wa kukishikilia.

Matunzo ni mepesi: mafuta ya cherehani, matone machache katika kila tundu, wala si mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kuufanya mpini kuwa mzito. Msimu wa mvua naifunika kwa kitambaa kikavu ili isishike kutu.

Anayetaka kununua iliyotumika aende sokoni na uzi wake na kipande cha jinzi, akikunje mara mbili, ashone mbele ya muuzaji, kisha autazame mshono juu na chini. Nyuzi mbili zikifungana ndani ya kitambaa, bila mmoja kulala mnyoofu kama kamba upande wowote, mashine hiyo naishauri inunuliwe hata kama rangi yake imebabuka.