Costa Rica: Reli ya Atlantiki na Reli ya Pasifiki

Kahawa ya Costa Rica ililimwa katika nyanda za juu za kati, ikashushwa kwa mikokoteni ya ng'ombe hadi bandari ya Puntarenas kwenye Pasifiki, na meli zikalazimika kuizunguka Amerika ya Kusini ili kuifikisha Ulaya. Kwa sababu hiyo serikali ya Rais Tomás Guardia ilianza na upande mgumu zaidi: mwaka 1871 ilitia saini mkataba wa reli ya kwenda Limón, bandari ya upande wa Atlantiki, ikakopa fedha London. Fedha hizo ziliisha mapema, huku mvua, maporomoko ya udongo na malaria vikiwaua vibarua wengi kutoka Jamaika, China na Italia, ambao bila jasho lao reli hiyo isingekuwapo. Mfanyabiashara Mmarekani Minor Keith aliikamilisha mwaka 1890, lakini kwa bei kubwa mno: mkataba wa 1884 ulimpa zaidi ya hekta 300,000 za ardhi na haki ya kuendesha reli kwa miaka 99, na biashara yake ya ndizi ikaja kuwa sehemu ya United Fruit, kampuni kubwa ya ndizi ya Marekani.

Reli ya Pasifiki ilianza kujengwa mwaka 1897 na ikafika Puntarenas mwaka 1910. Ilichelewa, ndiyo, lakini ilibaki mali ya taifa, na mwaka 1930 ikaanza kutumia umeme. Kwa maoni yangu, taifa lilinufaika zaidi na njia hii ya pili, ingawa ile ya kwanza ndiyo iliyofupisha safari ya kahawa.