Mfugaji aliyekataa kuniuzia mtoto wa mbwa siku ile ile: nyota nne

Nyota nne kati ya tano. Nilikuwa natafuta mtoto jike wa German Shepherd, na kabla ya kumpata mfugaji huyu nilipitia kwa mwingine ambaye matangazo yake yalikuwa mazuri kuliko mbwa wake. Nawaeleza wote wawili maana bila yule wa kwanza nisingejua wa pili ananifanyia nini.

Yule wa kwanza alijibu ujumbe upesi ajabu. Alikuwa na kila aina, wakubwa, wadogo, wa manyoya marefu, wa pua bapa, wote "wapo tayari leo". Mtu mwenye watoto wa aina nyingi hivyo kwa wakati mmoja mara nyingi ni dalali tu, anaokota huku na kuuza kule. Akataka tukutane njiani, eti asinipe taabu ya kufika kwake. Nikang'ang'ania kwenda. Alinipokea getini mtoto akiwa tayari mikononi, kaogeshwa, ananukia marashi. Nikaomba kumwona mama. Akaletwa jike mzuri kweli, tumbo limekaza, chuchu ndogo ndogo. Jamani, jike anayenyonyesha hafichiki! Matiti yananing'inia, manyoya ya tumboni yamepungua, na watoto wakimwona wanamvamia. Yule mtoto hata shingo hakugeuza.

Kadi ya chanjo ilijazwa yote kwa kalamu moja, bila ile stika inayobanduliwa kwenye kichupa cha dawa na bila muhuri wa daktari wa mifugo. Aliniambia mtoto ana wiki nane. Nikamfunua mdomo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza. Meno hayo huanza kutoka kati ya wiki ya tatu na ya sita. Wa wiki nane mdomo umeshajaa, na akikushika kidole ni kama sindano. Tumbo lilikuwa limevimba huku mbavu zinahesabika, na hiyo kwa kawaida ni minyoo. Nikaaga. Bei ikashuka papo hapo, ikashuka tena nilipofika getini. Najua wapo wanaonunua kwa huruma ili kumwokoa mnyama. Sawa, lakini pesa hiyo hiyo ndiyo inayofanya jike aliyemzaa, popote alipofungiwa, apandishwe tena joto lijalo, yaani akifika tena kipindi cha kutaka dume.

Huyu ninayempa nyota alianza kunihoji yeye. Nani anabaki nyumbani mchana? Ukuta una urefu gani? Mbwa wangu wa mwisho alikufa kwa nini? Hilo la mwisho lilinikera kidogo, mpaka aliponieleza kuwa virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na kwamba hampeleki mtoto asiyemaliza chanjo kwenye uwanja alikofia mbwa wa ugonjwa huo.

Anafuga aina moja tu. Jike wake nilimkuta amejilaza na watoto, amekonda kwa kunyonyesha, mkia unacheza. Alininusa viatu, akarudi kulala. Mimi nilishawishika hapo, kabla ya karatasi yoyote, kwa sababu mama mwoga au mkali huwapa watoto tabia hiyo kwa damu na kwa kuwaonyesha. Dume sikumwona, si wake. Hilo halikunisumbua, wafugaji wengi wazuri hupandisha kwa dume la mtu mwingine. Nilichotaka ni majibu ya eksirei za nyonga za wazazi wote wawili, na alikuwa nayo. German Shepherd wana urithi mbaya wa nyonga, na cheti cha ukoo, hata kiwe na mihuri ya dhahabu, kinakuambia babu yake ni nani, basi.

Pesa nilikuwa nayo mkononi. Akakataa. Watoto walikuwa na wiki sita, na kwake hatoki mtu kabla ya nane, maana kwenye wiki hizo ndugu zake ndio wanaomfundisha kutong'ata kwa nguvu. Niliporudi sikuchagua mimi, alinichagulia. Nilikuwa nimempenda yule mkubwa mwenye vurugu. Nikapewa mtulivu, na kwa nyumba yangu alikuwa sahihi. Nilipewa orodha ya tarehe za dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, na mkataba kwamba nikishindwa kumtunza, hata akiwa mzee, arudi kwake na si kuuzwa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya simu. Hapokei. Ujumbe wa asubuhi unajibiwa usiku, na swali langu la chanjo iliyofuata niliishia kumuuliza daktari. Anayetaka wa uzao ujao aandikishe jina mapema: jike anapumzishwa joto linalofuata, na ukimbembeleza hakusikii.