Kijerumani na Kireno: uzoefu wangu baada ya kuzisomea lugha zote mbili

Mimi ni mwongoza watalii hapa Mombasa. Kijerumani nilikisomea miaka miwili, kwa sababu wageni wa Kijerumani ni wengi katika hoteli za Diani. Kireno kilifuata baadaye, kwa kuwa niliona haya kusimulia kila siku habari za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilhali sijui hata kusalimu kwa lugha yao.

Kumbe maneno yao nilikuwa nayo nyumbani. Mwalimu aligonga meza akasema «mesa», darasa zima likacheka. Tukaendelea na «lenço», ambayo ni leso, «fronha», ambayo ni foronya, na «parafuso», ambayo ni parafujo. Lililonishangaza zaidi ni «igreja», yaani kanisa, ambalo ndilo asili ya neno gereza, na ngome yenyewe ilitumiwa na Waingereza kuwa gereza hadi mwaka 1958. Kijerumani, kwa upande wake, kimetuachia shule na hela, na mengine machache.

Hata hivyo, urahisi huo wa Kireno uliishia kwenye karatasi. Baada ya miezi minane nilikuwa nasoma bila taabu kubwa, lakini wageni kutoka Lisbon walipozungumza, irabu zilimezwa kiasi kwamba sikuambulia kitu. Kijerumani hakinisumbui masikio namna hiyo: ukishajua kuwa «ei» hutamkwa «ai», unachokiona ndicho utakachokisikia.

Taabu ya Kijerumani iko kwingine. Kijiko ni «der Löffel», uma ni «die Gabel», kisu ni «das Messer»: «der», «die» na «das» ni alama za jinsia tatu za nomino. Sisi tuliokulia katika ngeli hatuogopi upatanisho. Kinachoudhi ni kwamba kijiko na kisu vya Kiswahili hujitambulisha kwa «ki-» mapema, ilhali nomino nyingi za Kijerumani hazikudokezei chochote, na huna budi kuzikariri moja moja. Isitoshe, mara nyingi ukanushi hukawia. Mgeni mmoja aliniambia, «Wir nehmen das Boot morgen nicht», yaani «hatutaichukua mashua kesho», ila «nicht», lile neno la kukanusha, huja mwisho kabisa, nami nilipofika kwenye «morgen» (kesho) nilikwisha kutoa simu nimpigie nahodha, kwani nimezoea kuambiwa «hatu-» tangu silabi za mwanzo.

Kwa anayetafuta riziki katika utalii wa pwani hii, ningempeleka Kijerumani bila kusita, kwa kuwa ada niliyolipa ilirudi katika msimu mmoja. Darasa langu la Kireno tulibaki watu watatu, nalo likafungwa katikati ya muhula bila kurudishiwa fedha, jambo lililonikera sana. Tangu hapo nasikiliza redio za Msumbiji kwenye intaneti kila jioni, maana watangazaji wake hutamka irabu waziwazi kuliko wale wageni wa Lisbon, na taarifa ya habari sasa naifuata karibu yote.