TAHADHARI: "Sanskrini ya asili" inayoponya ukurutu ndani ya siku mbili, kaeni nayo mbali

Jamani naandika hii haraka kabla hajanasa wengine. Kuna muuzaji wa mtandaoni anazunguka kwenye magrupu ya watu wenye ukurutu, hiyo hiyo pumu ya ngozi, anauza sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, anayoiita ya asili, "zinki tupu, haina kemikali", na anajua kabisa anawinda akina nani. Watu wenye ngozi za hivi kila krimu ya jua wakipaka inawasha, inachoma, macho yanatoka machozi, kwa hiyo mtu akija na chupa akasema hii haiwashi wanakimbilia bila hata kusoma nyuma. Jina siliweki kwa sababu jina lenyewe analibadilisha kila mara na picha anaiba kwa watu, nawapa dalili zake tu ili mkimuona mumjue hata akija kivingine.

Aliyenunua ni mdogo wangu wa kike. Ana ukurutu toka mtoto, kwenye mikunjo ya viwiko, shingoni na kwenye kope. Chupa ikaja, akapaka, na kweli haikuwasha. Tena siyo kutowasha tu, yale mabaka ya shingoni yakalala kabisa ndani ya siku mbili tatu, ngozi ikawa laini ikaanza mpaka kung'aa. Akanitumia picha kwa furaha zote, mimi huku nikashtuka.

Sanskrini haitibu ukurutu. Kazi yake ni kuzuia miale ya jua basi, mtu akikuuzia ya kutibu ni sawa na akuuzie mwavuli akwambie unaponya mafua. Najua kuna mtu atasema mbona zinki inatuliza ngozi, ni kweli, zinki oksaidi ndiyo hiyo hiyo ipo kwenye krimu za vipele vya nepi za watoto na inatuliza kidogo. Lakini baka nene lililokaa miezi, limekakamaa, limepasuka, zinki peke yake hailifuti kwa siku mbili. Kinacholaza ukurutu kwa kasi hiyo kinajulikana, ni steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na wekundu wa ngozi, na siyo ile nyepesi, ni zile kali za kundi la klobetasoli ambazo daktari akikuandikia anakuelekeza kabisa paka wapi, kiasi gani, kwa muda gani na uache lini. Na kuzificha kwenye krimu za "asili" siyo jambo la kufikirika, mamlaka za dawa za nchi mbalimbali, Uingereza na Marekani zikiwemo, zimeshatoa onyo kuhusu krimu za mitishamba za ukurutu ambazo zikipimwa maabara zinakutwa na steroidi ambayo haijaandikwa popote kwenye lebo.

Sasa nendeni kwenye kurasa zake msome komenti. Zile sifa anazoziweka kama ushahidi ndizo zinazomuumbua. "Mwanangu kapona kwa siku mbili." "Hata madoa meusi yamefutika." "Nimetupa dawa zote za hospitali." Yaani kila anayeshukuru anaeleza steroidi bila kujua.

Chupa ilipoisha ndipo ngoma ikaanza. Ukurutu ulirudi na ulirudi na hasira, shingo nzima nyekundu, inachoma kama imemwagiwa maji ya moto, ukaenda mpaka mashavuni ambako hajawahi kuwa nao maisha yake yote. Tulipofika kwa daktari wa ngozi hata hatujamaliza kueleza, swali lake la kwanza lilikuwa "ulikuwa unapaka steroidi gani?" Mdogo wangu anajibu hapana dokta mimi nilikuwa napaka sanskrini tu. Daktari akaomba aione chupa.

Na muuzaji je? Alipoandikiwa akajibu, nanukuu skrinshoti: "Pole mpenzi hiyo ni ditoksi, ngozi inatoa sumu, ongeza chupa mbili usiache katikati." Hebu tulieni hapo. Ngozi haina kazi ya kutoa sumu kwa njia ya vipele, kazi hiyo inafanywa na ini na figo. Krimu ikikuletea wekundu, kuchoma na malengelenge hiyo ni reaksheni, siyo usafi. Lakini angalieni ujanja wa hayo maneno, ukipona ni dawa yake, ukiharibika ni dawa yake inafanya kazi, na kwa vyovyote vile unaongeza chupa. Tulipomuomba orodha kamili ya viambato akasema ni siri ya kampuni, tulipouliza mara ya pili akabloku.

Basi nikakaa na ile chupa mezani nikaikagua. Mbele imeandikwa zinki asilimia 25, SPF 100 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), haina manukato. Nyuma viambato vinne tu, aloe vera, vitamini E, zinki na kitu kinaitwa "viungo vya asili". Losheni ya majimaji namna ile haina kihifadhi hata kimoja? Losheni yenye maji bila kihifadhi inaota bakteria na ukungu, kwa hiyo ama kihifadhi kipo wameficha ama hakipo na unapaka vijidudu kwenye ngozi iliyochanika, chagua unalopenda. Haina manukato lakini ukifungua kifuniko inanukia kama pipi. Namba ya bechi ya kwenye boksi na ya kwenye chupa hazifanani. Tarehe ya kuisha iko kwenye stika, nikaibandua kwa ukucha taratibu, chini yake kuna mabaki ya wino wa tarehe nyingine iliyofutwa, mwaka hausomeki ila unaona kabisa palisuguliwa.

Na ile zinki asilimia 25, losheni yake inapotea kwenye ngozi kama maji. Sisi ni weusi, zinki kiasi hicho bila rangi ya kuifunika ikipakwa kwenye ngozi nyeusi utaiona tu, inaacha weupe, ndiyo maana kampuni zinaongeza oksidi za chuma ziwe na rangi ya ngozi. Na hiyo rangi siyo urembo tu, inasaidia kuzuia mwanga wa kawaida ambao kwa ngozi nyeusi unachochea madoa.

Kuhusu SPF 100 "inazuia jua asilimia 100 kutwa nzima hata ukiogelea", hapo hata kama hujui lolote kuhusu ukurutu ungejua huyu ni tapeli. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, 50 kama 98, 100 kama 99, hakuna inayofika mia. Na vipimo hivyo vinafanywa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, ambazo watu wengi hatufikishi hata nusu yake. Kutwa nzima pia hakuna, unarudia kila saa mbili ukiwa juani na ukitoka kwenye maji. Marekani, ambako sanskrini inahesabiwa kama dawa, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilishakataza toka kanuni za 2011 kuandika kwamba haipenyi maji, unaruhusiwa kusema inahimili maji dakika 40 au 80 basi.

Halafu kuna muhuri. Ameweka muhuri wa National Eczema Association, shirika la ukurutu la Marekani, umefifia kidogo kama umekopiwa kwenye simu. Lile shirika kweli lina muhuri wake, lakini orodha ya bidhaa walizozipitisha iko wazi kwenye tovuti yao, unatafuta jina la bidhaa dakika moja tu. Ya kwake haipo. Na haya maneno "imepimwa na madaktari wa ngozi" au "haileti mzio" yasiwababaishe hata kwenye bidhaa za halali, FDA yenyewe inasema hakuna kiwango cha kisheria kwa bidhaa kujiita haileti mzio. Imepimwa sawa, ikapata ngapi? Hawasemi.

Najua mtakuja kuuliza sasa tununue ipi, mimi siuzi na sitaji brandi, ila nitasema tunavyochagua nyumbani. Kinga iwe ya madini, zinki oksaidi au titani dioksaidi, hizo mbili ndizo zinazosumbua ngozi yetu kidogo kuliko zingine. "Haina kemikali" msiisikilize, zinki oksaidi nayo ni kemikali. Hizi kinga nyingine kama oksibenzoni na oktokrileni zinaweza kuleta mzio, kundi la oksibenzoni ndilo American Contact Dermatitis Society, chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi, walilitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2014. Manukato ni hapana, na hapa muwe makini, kukosa harufu siyo lazima iwe haina manukato, wengine wanaweka manukato ya kuua harufu, kwa hiyo tafuta nyuma neno parfum au linalool, hayo ni majina ya manukato. Kihifadhi methilisothiazolinoni nacho kiogope, Ulaya walikipiga marufuku toka 2017 kwenye vipodozi vya kupaka bila kusuuza. Krimu kuliko jeli au spreyi maana hizo mara nyingi zina alkoholi, ikigusa palipochubuka utaruka. SPF 30 kwenda juu na iandikwe inakinga UVA, miale inayopenya ndani zaidi ya ngozi, pamoja na UVB. Palipo na kidonda kibichi kinachotoa maji usipake kitu, funika na nguo. Watoto chini ya miezi 6 kivuli na nguo, siyo krimu.

Na kujaribu ni lazima hata kama umenunua duka la kuaminika. Paka kipande kidogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, siku 7 mpaka 10 kabla hujaipeleka usoni. Halafu jaribu pia eneo dogo linalopigwa na jua kwa sababu kuna mzio mwingine ukikaa ndani hauonekani, mpaka miale ikutane na ile kemikali kwenye ngozi ndipo inaripuka, mtu anadhani jua ndilo limemchoma kumbe ni krimu yenyewe.

Wale ambao tayari mnaipaka hii ya huyu bwana, au bibi, sijui hata ni nani. Kama umepaka muda mrefu usisubiri mpaka chupa iishe ujionee mwenyewe, nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na chupa mkononi, mwambie wazi unashuku steroidi, atakupangia namna ya kutoka maana kuacha ghafla ndiko kulikomuwasha mdogo wangu. Ukiona ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinaonekana, michirizi, chunusi nyingi ghafla au sehemu zinapauka, hizo ndizo alama zenyewe. Kama ulikuwa unapaka kwenye kope sema pia, steroidi karibu na jicho ikikaa inaweza kupandisha presha ya jicho. Na kama ni mtoto mdogo nenda haraka zaidi, ngozi ya mtoto ni kubwa ukilinganisha na uzito wake kwa hiyo dawa inayoingia mwilini ni nyingi kwake, inaweza mpaka kuvuruga homoni.

Chupa msitupe jamani hata kama mna hasira gani, wala boksi, ndizo ushahidi, mamlaka ya dawa inahitaji kitu cha kupima siyo maelezo. Sisi yetu tumeshaipeleka.

Za kumtambulia: anakuja inboksi mwenyewe ukishakomenti tu kwamba una ukurutu, kila sentensi ni "mpenzi", hana anwani, hela inatumwa kwanza, akiulizwa viambato anasema siri, na akaunti kila ukiiangalia haina hata mwezi lakini ina mamia ya shuhuda, tena nyingi zina makosa yale yale ya tahajia. Chupa nyeupe, kifuniko cha kijani, tarehe kwenye stika. Mwenye nayo abandue stika aangalie chini kuna nini, halafu aniandikie namba ya bechi ya kwenye chupa yake na ya kwenye boksi nilinganishe na zetu.