Friza ya lita 100, 150, 200 au 300: ipi inaitosha nyumba yako?

Muuzaji wa friza kwa kawaida huanza kwa kuuliza mko wangapi nyumbani. Swali la maana zaidi ni hili: siku ya manunuzi makubwa mnaingiza kilo ngapi kwa mpigo? Nyumba ya watu watatu wanaonunua mbuzi mzima inahitaji nafasi kubwa kuliko ya watu saba wanaopita buchani kila jioni.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo moja ya nyama au samaki waliokatwa na kufungwa bapa inachukua takriban lita mbili. Kuku mzima hula nafasi zaidi kwa sababu ya uwazi wa tumboni, kwa hiyo mkatekate vipande kwanza. Tuchukue watu watano wa Dar wanaonunua kila wiki mbili: nyama kilo 8, samaki wa soko la Feri kilo 5, kuku kilo 7, kisamvu na maharage yaliyochemshwa kilo 5. Jumla kilo 25, yaani lita 50; ongeza theluthi kwa ajili ya kikapu na mianya, unafika kama lita 67. Lita 100 inawatosha, na 150 inawaachia nafasi ya barafu na juisi. Wakinunua mara moja kwa mwezi, waende 200.

Lita 300 tunaishauri kwa anayeuza barafu, maziwa au juisi tu. Kwa familia ni kubwa mno: vya chini havifikiki, husahaulika, na vibua vikipita miezi mitatu mafuta yake huanza kuharibika hata vikiwa vimeganda.

Soma lebo kabla ya kulipa. Tafuta ujazo unaotumika, maana ujazo wa jumla huwa mkubwa kidogo kuliko nafasi utakayoipata. Kisha tafuta uwezo wa kugandisha kwa saa 24, ambao wanunuzi wengi huuruka. Ikiwa lebo inasema kilo 10 nawe ukatumbukiza 25 za moto kutoka sokoni, vya katikati vitachelewa kuganda na vilivyoganda tangu zamani vitaanza kulainika. Gawa mzigo kwa siku mbili au tatu, katika pakiti za kilo moja, na usizibebanishe mpaka zigande. Mwisho, angalia herufi ya hali ya hewa: kwa Pwani chagua T, iliyotengenezwa kuhimili joto la chumba mpaka nyuzi 43. N inaishia 32, na jiko la Tanga mwezi Februari linaipita hapo bila shida.

Matumizi ya umeme huandikwa kwa mwaka. Uniti 240 kwa mwaka ni 20 kwa mwezi; jikoni penye joto tarajia zaidi. Kwa aliye kwenye kundi la LUKU la bei nafuu, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni sehemu kubwa ya mgao wake, na ndiyo sababu nyingine ya kutokununua friza ya kupita mahitaji.

Kati ya friza ya kulala (ya kifuniko cha juu) na ya kusimama (ya mlango wa mbele), sisi tunachagua ya kulala. Ukifungua kifuniko, hewa baridi hubaki chini kwa kuwa ni nzito. Umeme ukikatika, ikiwa imejaa na haifunguliwi hushikilia baridi karibu saa 48. Ikiwa nusu, kama 24. Nafasi iliyobaki ijaze chupa za maji, zisifike shingoni, kwani maji yakiganda huongezeka kwa karibu asilimia 9 na chupa hupasuka.

Ifunge na kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika tatu hivi. Kompresa ikiwaka kabla presha ya gesi haijatulia huzidiwa, na ikijirudia inaungua. Friza nyingi za kulala hutoa joto kupitia kuta zake, kwa hiyo acha sentimita 10 kila upande. Ikiwa ililazwa ubavu kwenye gari, iache imekaa sawa siku nzima kabla ya kuichomeka, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Barafu ya ukutani ikifika unene wa nusu sentimita, izime iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu, ukitoboa bomba la gesi fundi atakutoza pesa nyingi.